Kinywaji cha Nungunungu

Nathanieli alivunjika mguu kwa sababu ya peasi moja, tena bichi. Mtu mzima, mwalimu wa kwaya ya Walutheri pale Kwemsambia, mwenye wajukuu, na hakuna aliyemtuma. Aliliona lile peasi likining'inia kwenye tawi la juu kabisa, akajisemea haiwezekani tunda limshinde binadamu, akapanda. Tunda likamshinda. Alishuka haraka kuliko alivyopanda, na tangu siku hiyo akawa anashinda barazani kwenye kiti cha uvivu, mguu umefungwa plasta na kuwekwa juu ya kigoda, akitoa ushauri kwa kila aliyepita njiani.

Ushauri ni kitu kizuri, mimi sikatai, lakini haulimi. Na mkewe Yudith alikuwa na shamba la kulimwa.

Kwemsambia ni kijiji kilichoparamia milima ya Usambara, katikati ya Lushoto na Rangwi, na shamba la Yudith lilikuwa kwenye mteremko ambao ukidondosha kiazi juu unakwenda kukiokota mtoni. Alipoletwa pale bibi harusi alilikuta pori tupu, mawe na magugu. Mawe aliyatoa yeye, moja moja, akayapanga yakawa kingo za kuzuia udongo. Alilipenda shamba lile kuliko alivyompenda Nathanieli. Nathanieli alijua hivyo na wala hakuona wivu, maana shamba lilikuwa linawalisha wote wawili, na yeye kazi yake ilikuwa kuimba.

Mwaka ule ulikuwa wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Redio ilisema kufa na kupona, bango la ofisi ya kijiji lilisema kufa na kupona, hata watoto wakicheza gololi walicheza za kufa na kupona. Basi mwezi wa pili, jua linawaka, akaja Athumani, balozi wa nyumba kumi. Athumani alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, ambaye habari mbaya humkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akauliza habari za asubuhi, za mguu, za kwaya, za kuku. Alipofika kwenye habari za paka Yudith akamkatiza, akamwomba aseme lililomleta.

Athumani akasema. Kamati ya kijiji imeamua kwamba shamba lolote litakalokutwa na mvua za masika halijalimwa litaunganishwa na shamba la kijiji. Yudith akauliza, litaunganishwa kwa muda gani. Athumani akatazama viatu vyake, akajibu kuwa kamati haikusema. Sasa hapo ndipo penyewe, jamani. Kamati ikisema mwaka mmoja, unajua ni mwaka mmoja. Kamati isiposema, jiandae.

Yudith akaingia shambani peke yake na jembe. Alilima tangu umande haujakauka hadi jua la utosi, kisha akasimama akatazama kazi yake. Alikuwa amelima mahali panapomtosha ng'ombe mmoja kulala, tena ng'ombe mwembamba. Akakaa chini akaogopa kwelikweli, maana kwa mwendo ule masika yangemkuta hata hajafika nusu ya mteremko, na mawe yake yote yangekuwa ya kijiji.

Sasa, kule Usambara mtu akizidiwa na shamba huitisha ngemo. Unaalika watu, wanakuja na majembe, wanakulimia, nawe unawawekea kinywaji. Sheria zake hazikuandikwa popote lakini hata mtoto anazijua. Ya kwanza, aliyekunywa lazima alime. Ya pili, jirani akikusaidia kuandaa, akatia chochote chunguni, hata kama ni kipande cha muwa, huyo si mgeni tena, ni mwenye ngemo kama wewe. Na mwenye ngemo halimi. Mwenye ngemo hukaa, hugawa vikombe, na hukosoa matuta ya wenzake.

Tabu ilikuwa kwenye kinywaji. Kinywaji cha ngemo ni boha, pombe ya miwa, na Mlutheri wa Kwemsambia akipika boha hutengwa na meza ya Bwana. Nathanieli angenyang'anywa kwaya kabla povu halijatulia. Jirani yao Efrazia yeye alikuwa Mkatoliki, mzaliwa wa Rangwi, na kwa upande wake Mungu alikuwa mwenye subira zaidi katika mambo ya miwa. Ngemo za Efrazia zilijaa mpaka watu wakagombania mahali pa kulima. Yudith mwaka mmoja aliwahi kuitisha ngemo ya chai. Walikuja bibi wawili, na mmoja wao alikuwa amepotea njia.

Akiwa katika hali hiyo ndipo gari la sinema la serikali likapanda Kwemsambia.

Lilikuja kuonyesha picha ya mbolea. Watu wakajaa kwenye uwanja wa shule jua lilipozama tu, Wakristo kwa Waislamu, wazee kwa vichanga, na shuka jeupe likatundikwa ukutani. Nathanieli peke yake ndiye aliyebaki nyumbani na mguu wake. Lakini kabla ya mbolea, yule bwana wa sinema akaweka kwanza katuni, ili watu wachangamke. Katuni yenyewe ilisema lugha ambayo hadi leo haijulikani. Wengine walidai ni Kiingereza, wengine Kicheki. Bwana wa sinema alikuwa atafsiri, ila kipaza sauti kilimfia mkononi kwenye neno la kwanza.

Mle ndani ya katuni alikuwemo nungunungu amevaa aproni. Alipotokea tu uwanja mzima ukapiga kelele za mwizi, kwa maana watu wa Kwemsambia wanamjua nungunungu, na viazi vyao vinamjua zaidi. Yeye hakujali. Alisimama nyuma ya meza ndefu kama ya hoteli, akatia pipani tunda la mviringo. Akatia jingine lenye kikonyo. Akakamua kitu kirefu kikatoa maji, akaponda mzizi, na mwisho, kwa ncha za vidole viwili, akatia kitu kidogo chenye ncha. Hapo akapiga chafya hadi miiba yake ikaruka ikachoma ukuta. Akakoroga kwa mkia. Akaja kobe mmoja mvivu, anajikokota, akanywa. Lo, macho yakamzunguka, moshi ukamtoka masikioni, gamba likaruka likarudi. Akashika jembe, akachimba mlima, akatokea upande wa pili. Watu walicheka mpaka mama mmoja akakabidhi mtoto wake kwa mtu asiyemjua.

Picha ya mbolea ilipoanza hakuna aliyeitazama. Tayari ubishi ulikuwa umeanza.

Maana ile katuni ilikuwa nyeusi na nyeupe, na kwenye nyeusi na nyeupe matunda yote ni ya kijivu. Lile la mviringo lilikuwa tunda gani? Mzee Rubeni, mzee wa kanisa, mtu wa pua ndefu na hukumu fupi, alisema ni plamu na mjadala umekwisha. Athumani akasema kwa heshima zote pale paliingia pichi. Efrazia akawaambia wote vipofu, lilikuwa pesheni. Siku ya pili ubishi ukahamia sokoni, ukapita dukani, ukafika barazani kwa Nathanieli, naye akatamka kuwa ni peasi. Akakumbushwa kwamba hakuwepo. Akajibu kuwa asiyekuwepo ndiye anayefikiri vizuri, kwa sababu macho hayamchanganyi.

Yudith alikuwa jikoni anamenya viazi, anawasikiliza. Asidhani mtu kwamba aliamini kinywaji kinaweza kumtoboza kobe mlima. Yudith hakuwa mjinga. Alichokiona ni kwamba wanaume wale wale ambao hawakutoka majumbani mwao kwa ajili ya chai yake walikuwa wamesimama juani kutwa wakigombania kinywaji ambacho hakuna aliyekionja. Akaweka kisu chini. Akasema kimoyomoyo, hiki mimi nitakipika, na atakayekunywa atalima.

Kwanza alihitaji maji ya miwa, na kinu cha kukamulia miwa alikuwa nacho Efrazia. Kwenda kwa Efrazia kulimuuma, maana wale wawili walikuwa wakisalimiana vizuri sana kama watu wasiopendana. Efrazia akamuuliza, Mlutheri na miwa vimekutana wapi. Yudith akamweleza kila kitu, hata habari za kamati. Efrazia alicheka akashika mbavu, akamwambia kitu kisichotoa povu hakijapata kumtoa Msambaa nyumbani kwake, kisha akamkamulia ndoo nzima bila kuombwa mara mbili. Yudith hakujua amshukuru au amkasirikie, akafanya vyote viwili njiani akirudi.

Majaribio yakaanza, na mwonjaji alikuwa Nathanieli, kwa kuwa hakuwa na namna ya kukimbia. Sufuria ya kwanza ilikuwa plamu na tangawizi tupu. Nathanieli alionja, akakunja uso mpaka masikio yakakaribiana. Ya pili Yudith akaongeza maji ya miwa na iliki iliyotoka Amani, ile aliyokuwa ameificha ndani ya soksi kungojea Krismasi. Nathanieli akasema ni tamu, lakini utamu wa kumlaza mtu, si wa kumwamsha. Ya tatu ikaingia pilipili kichaa. Nathanieli akatoa sauti ya kwanza, ile ya wanawake, safi kabisa, sauti ambayo hakuwahi kuifikia maisha yake yote. Kuku wakatoka uani. Alipopata pumzi akaomba Yudith akumbuke kipimo kile, kitawafaa Pasaka.

Yudith mwenyewe alionja kila sufuria, akaonja tena, hata ulimi wake ukafa ganzi ukawa hausikii kali wala baridi. Na hatimaye akakipata. Plamu na pichi za kuiva sana, peasi moja kwa ajili ya amani ya nyumba, pesheni na mbegu zake, maji ya miwa, tangawizi, iliki, mdalasini kidogo, na pilipili kichaa mojamoja kwa hesabu ya huruma. Ukinywa, kwanza unapata uchachu, kisha utamu, kisha harufu ya iliki inakupanda puani unaona dunia ni njema. Pilipili inakuja baadaye sana, kama mjomba wa bibi harusi, wakati mmeshadhani mambo yamekwisha.

Habari zikaenea. Mzee Rubeni akaja kukagua, kwa sababu kanisa lilikuwa lazima lijue ndani ya chungu cha mke wa mwalimu wa kwaya mna nini. Yudith akamwamkia shikamoo, akamletea bakuli. Mzee akanusa. Akanywa yote, akasema bakuli moja halitoshi kwa ushahidi. Akanywa la pili. La tatu alilinywa amefumba macho, bila shaka kwa maombi. Akahukumu kuwa si pombe. Yudith akamkumbusha kwa adabu kwamba hicho ni kinywaji cha ngemo na aliyekunywa lazima alime, na mzee akaondoka anafuta ndevu, anasema bila shaka, bila shaka.

Siku ya ngemo walikuja watu ambao Yudith hakuwahi kuwaona wakiamka mapema. Walikuja kwa makundi, wanaimba, majembe begani, naye akasimama juu ya mteremko karibu na chungu chake kikubwa, moyo unamdunda kwa furaha. Nathanieli alibebwa na kiti chake kama chifu, akawekwa kivulini kando ya chungu. Yudith akamwachia ulinzi, akashuka kuonyesha watu mpaka wa shamba ulipo. Kosa lake lilikuwa hilo. Mbuzi hawekwi mlinzi wa mboga.

Maana watu walikuwa wamekuja na majembe begani, ndiyo, lakini pia walikuwa wamekuja na matunda mifukoni. Mzee Rubeni akamwambia Nathanieli kuwa kinywaji ni kizuri ila plamu ni chache, kile cha sinema kilikuwa na plamu nyingi, na yeye amebeba. Nathanieli, ambaye hakuwa ameiona hiyo sinema, akamruhusu. Athumani alipoona plamu zimeingia hakuweza kukaa kimya na pichi zake. Mwingine akatia ndizi, akidai ndicho kile kitu kirefu. Mwingine nanasi. Bibi mmoja alitia viazi viwili, akaulizwa sababu, akasema alikaa nyuma hakuona vizuri. Watu wa pwani wana msemo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi huku juu hatuna chombo, tuna chungu, na kilikwenda mrama vilevile. Mwisho akaja Efrazia. Akasema nungunungu alipiga chafya, na hapa hajapiga chafya mtu, akafungua kiganja akamwaga pilipili kichaa konzi nzima.

Halafu, kwa kuwa ubishi ulikuwa haujaisha na lazima mshindi ajulikane, wakanywa kabisa, kila mtu kikombe chake hadi chini. Nathanieli alikunywa viwili, ili kuwa hakimu wa haki.

Yudith aliporudi juu akawakuta wamekaa. Si kwamba wamepumzika, wamekaa, kama wakwe wanaongojea kuhudumiwa, wamenyoosha miguu, majembe yamelazwa majanini. Akawaambia karibuni shambani. Hakuinuka mtu. Akarudia. Watu wakatazamana, wengine wakaanza kutazama milima ya mbali kana kwamba imehamishwa jana. Ndipo Efrazia akasema, wala hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

"Mwenye ngemo halimi, Yudith. Mimi nimetia."

Na Mzee Rubeni alikuwa ametia. Athumani ametia. Bibi wa viazi ametia. Yudith alizungusha macho uwanja mzima akitafuta walau mtu mmoja ambaye hajatia kitu chunguni, na hakumpata. Alikuwa ameitisha ngemo kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana Kwemsambia, na ndani yake hamkuwa na mgeni hata mmoja. Wote wenyeji. Na mbele yao shamba, gumu, kavu, limejaa magugu, na mawingu yameanza kukaa juu ya vilele upande wa Lushoto. Yudith alimtazama mumewe. Nathanieli akaanza kuchunguza plasta yake.

Hasira ilimpanda Yudith kutoka kwenye nyayo. Na hapo hapo, Mungu si Athumani wala Rubeni, mjomba wa bibi harusi akawasili.

Ile pilipili ilikuja yote kwa pamoja. Kwanza Mzee Rubeni alifungua mdomo kama mtu anayetaka kutoa tangazo, akaufunga, akaufungua. Athumani akavua kofia akaanza kupepea ulimi. Watu wazima wakasimama wakakaa, wakasimama wakakaa, machozi yanawachuruzika. Wengine walitafuna majani. Efrazia mwenyewe, mwenye konzi, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili na macho yamemtoka. Kutoka mwisho hadi mwisho wa shamba hakukuwa na mtu aliyeweza kutamka neno, isipokuwa mmoja ambaye ulimi wake ulikuwa umeshakufa ganzi kwa majaribio.

Yudith akapanda juu ya ukingo wa mawe.

"Haya," akasema. "Ngemo hii ni yenu. Mmetia, siwezi kukataa. Lakini mwenye ngemo huitisha watu kwenye shamba lake, hajapata kuitisha kwenye shamba la mwingine. Basi kama ngemo ni yenu, na shamba hili ni lenu. Nimewapa. Balozi yupo, mzee wa kanisa yupo. Sasa kamati ikipita hapa ikikuta halijalimwa, asichekwe Yudith. Mchekwe ninyi, wenye shamba. Kama yupo anayekataa na aseme."

Akangoja. Kwa kweli aliwapa nafasi ya kutosha kabisa. Mzee Rubeni alijaribu, ikatoka hewa. Athumani alinyoosha kidole, akakirudisha. Na kila mtu anajua kwamba kunyamaza ni kukubali.

Mzee Rubeni ndiye aliyeinuka kwanza. Shamba la mtu kuonwa halijalimwa, katika mwaka ule, na yeye ni mzee wa kanisa, aibu hiyo hakuweza kuibeba. Akaokota jembe huku analia. Wakamfuata wengine, wanalia. Wakajipanga mstari kama ilivyo desturi, wakaanza kushuka. Na nikwambie, mtu ambaye mdomo unamwaka hana nafasi ya kupiga porojo wala kuegemea mpini. Chini kabisa kulikuwa na mto, na kila mmoja alikuwa anausikia. Nathanieli kule juu akaona kazi haina wimbo, akainua mikono kama mbele ya kwaya, akaanzisha. Ilitoka ha, ha, ha. Watu wakaitikia ha, ha, ha, kwa sauti nne, na aliyekuwa anapita barabara ya Rangwi saa hizo alisimulia baadaye kwamba Walutheri wamepata wimbo mpya, mzuri, ila hakuelewa maneno.

Jua lilipoanza kulegea walifika mtoni. Shamba lote lilikuwa limelimwa, kuanzia ukingo wa juu hadi majini, udongo mweusi umepinduliwa, magugu yamelazwa, mawe yote mahali pake. Watu wakalala kifudifudi wakanywa mto kama ng'ombe.

Yudith naye alikuwa amelima mstarini pamoja nao, na alipofika chini akageuka akalitazama. Halikuwahi kuwa zuri kiasi kile. Na ndipo maneno yake mwenyewe yakamrudia. Nimewapa. Balozi yupo, mzee wa kanisa yupo. Alikuwa ameogopa kamati italichukua shamba, na badala yake amelitoa yeye mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwa mdomo wake, kwa sababu ya hasira. Moyo ulimuuma hata akakosa pa kushika. Wale watu walikuwa wamelilima kama lao, na lilikuwa lao. Asingeweza kuwalaumu.

Mzee Rubeni akatoka majini, ndevu zinachuruzika, akamjia. Ulimi ulikuwa umeanza kumrudi, ingawa alisema kama mtu aliyebeba kiazi cha moto mdomoni. Akamwambia amelitazama vizuri fungu lake, lile alilolima. Lina mawe. Mtu wa umri wake hawezi kurithishwa mawe, halitaki, alichukue.

Yudith alikasirika. Hakuna mtu aliyewahi kuyatukana mawe yale mbele yake, na alishafungua mdomo amjibu, uzee wa kanisa au si uzee wa kanisa. Lakini nyuma ya Rubeni alikuwa amesimama mwingine, anasema fungu lake limeinama vibaya, viazi vyake vitaviringika hadi kwa jirani, halifai. Na bibi wa viazi akasema lake lina kivuli. Mwingine akasema udongo wake unanuka nungunungu. Walikuwa wamepanga mstari. Mmoja mmoja walikuja, macho mekundu, midomo imevimba, kila mtu akalitukana shamba la Yudith kwa tusi lake, akamrudishia, akaenda zake kuketi ukingoni. Yudith alielewa. Kwa kila tusi akajibu ahsante, na sauti ikawa inazidi kumpungua.

Efrazia alikuja karibu na mwisho, jembe begani.

"Nimelima Rangwi, nimelima hapa," akasema, "sijapata kuona shamba baya kama hili. Hata kwa kubembelezwa silitaki."

"Ahsante, dada," Yudith akasema.

Akabaki Athumani. Alikuja amevaa kofia yake vizuri, kama anavyokuja kuleta habari za kamati, na safari hii hakuuliza habari za paka. Alisema yeye ni balozi, na kamati ikimwuliza atajibu ukweli, kwamba shamba hili limelimwa lote kabla ya masika. Na wakimwuliza kama linaweza kuunganishwa na la kijiji, atawaeleza kwamba kijiji kizima kimepewa, kimeliangalia, kimelikataa. Halina pa kwenda. Itabidi likae na Yudith.

Yudith akaketi palepale kwenye udongo uliolimwa, akalia kwa sauti mbele ya watu wote bila kujifunika uso. Hakuna aliyemwambia anyamaze, maana na wao machozi yalikuwa bado yanawatoka, na wakati huo haikuwezekana tena kujua ya nani ni ya pilipili.